Vanila isiyonukia keki kwenye joto la Mtwara: inawezekanaje?

MarashiShangani ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kuhusu vanila kwenye pafyumu ya spiriti. Ninachotafuta ni manukato ya kuvaa mchana hapa pwani, yafae wanaume kwa wanawake, vanila iwemo lakini mvaaji asionekane ametoka jikoni kuoka. Fomula ya sasa kwa gramu 100 ni hii:

ethanoli ya 96%: 78
mafuta ya vanila ya dukani, yale mazito ya kahawia: 12
mafuta ya ndimu ya kukamua: 4
mwerezi: 3
unga wa vanilini: 2
asumini: 1

Matatizo ni matatu. Dakika 20 za mwanzo inanukia vizuri, ndimu na mbao. Ikifika saa moja na nusu juani, ndimu haipo, mwerezi unasikika kwa mbali, na kinachobaki hadi usiku ni sukari tupu. Pili, rangi ilianza kama chai ya rangi nyepesi, na ndani ya wiki tano imekuwa kama kahawa. Tatu, kanzu nyeupe inashika doa la njano shingoni, na sabuni ya mche inalizidisha badala ya kulitoa. Wakati wa kusi hali ilikuwa afadhali. Kaskazi ilipoanza ndipo yote matatu yalipojitokeza kwa nguvu.

Nipunguze vanila, au niiweke mahali pengine kwenye fomula? Maganda halisi kutoka Kagera yatasaidia kuliko unga? Na kuna aliyefikiria sandarusi yetu ya huku kusini?

---

Chetezo amejibu:

Mkuu, kabla hujapunguza chochote, hesabu kinachobaki kwenye ngozi baada ya hiyo saa moja na nusu. Mafuta ya ndimu kwa sehemu kubwa ni limonini na jamaa zake, vitu vyepesi mno. Kwenye ngozi yenye joto la kaskazi havidumu. Mwerezi unastahimili zaidi, lakini umeuweka 3% tu. Vanilini ni fuwele zinazoyeyuka kwenye nyuzi 81 hadi 83, hupaa polepole sana, na kwenye kipande cha karatasi husikika kwa siku kadhaa. Wenzake wote wanaondoka, yeye anabaki peke yake. Ukiipunguza hadi nusu bila kugusa kingine, utapata keki ndogo, lakini itakuwa keki vilevile.

Halafu hayo mafuta ya dukani. Mengi ya aina hiyo si vanila peke yake: hutiwa ethili vanilini, ambayo nguvu yake ni mara tatu hadi nne ya vanilini, na ethili maltoli, ile harufu ya sukari iliyochomwa na pamba za sukari za watoto. Ethili maltoli ndiyo iliyotumika kwa wingi kwenye pafyumu ya Angel ya Thierry Mugler mwaka 1992, ikibanwa na pachuli nzito, na tangu hapo vanila na peremende zikawa kama kitu kimoja kwa wateja wengi. Fanya jaribio hili: chovya karatasi moja kwenye mafuta ya dukani, nyingine kwenye vanilini ya 10% ndani ya ethanoli, nusa baada ya saa 24. Ya kwanza ikinukia karameli au jamu ya stroberi, hapo pana maltoli. Yatoe yote 12. Hayarekebishiki, kwa sababu hujui ndani mna nini na kwa kiasi gani.

Sasa niseme ninachokiamini kuhusu vanila, na najua wengi hapa watapinga. Vanila imewekwa kwenye kabati lisilo lake. Tumeizoea kwenye maandazi na aiskrimu, basi tunadhani asili yake ni tamu. Vanilini haina sukari yoyote; ukiweka chembe kwenye ulimi utakuta uchungu na mwasho. Kwa kemia ni jamaa wa mti. Lignini, kile kinachofanya ubao uwe mgumu, ikivunjwa hutoa vanilini, na kampuni ya Borregaard ya Norway hadi leo huitengeneza kutokana na mbao za misonobari ya kaskazini mwa Ulaya. Hata vanilini ya kwanza ya maabara, ya Tiemann na Haarmann mwaka 1874, ilianzia kwenye koniferini, iliyotoka kwenye utomvu wa miti ya jamii ya msonobari. Pipa la mwaloni lililochomwa ndani hunukia vanila kwa sababu hiyohiyo, na kuni zikiungua lignini hutoa gwayakoli, harufu ya moshi, pamoja na vanilini kidogo. Gwayakoli imo pia ndani ya ganda la vanila lililokaushwa vizuri. Kwa hiyo mbao, moshi na ngozi iliyotiwa dawa ni ukoo wake.

Wachanganyaji wakubwa walilijua hili zamani. Jicky ya Guerlain, 1889, iliweka vanilini ya maabara pamoja na lavenda na harufu ya mnyama, na hakuna mtu anayeinusa akafikiria biskuti. Bvlgari Black ya Annick Menardo, 1998, ilikwenda mbali zaidi: vanila, mpira wa tairi na chai iliyokaushwa kwa moshi. Ukisoma maelezo utadhani ni wazimu. Ukiinusa ni kavu, nyeusi, inavutia, kwa sababu kila tone la utamu limepewa kitu kikavu cha kulishika, na kitu hicho kinadumu muda uleule.

Hilo neno muda ndilo la kushika. Jirani wa vanila lazima awe mzito kama yeye. Kwa gramu 50 ningeanza hivi, kila kitu kwa mizani ya gramu 0.01, si kwa matone:

tincha ya vanila ya 20% (maganda yaliyolowekwa kwenye ethanoli): 38.0
ethanoli: 3.8
mwerezi: 1.8
Iso E Super (harufu ya mbao ya maabara): 1.5
vetiva: 1.2
ubani, mafuta yaliyokenekwa: 1.0
Ambroxan ya 10% (ambari ya maabara): 1.0
pachuli: 0.5
pilipili manga: 0.4
mafuta ya kade ya 1%: 0.4
labdanamu (utomvu wa kichaka): 0.3
karafuu: 0.1

Ona kwamba ethanoli imekuwa tincha yenyewe. Vanila haiingii juu ya manukato kama kiungo, inakuwa maji yanayobeba kila kitu. Vetiva na pachuli ndizo zinazokata utamu usiku. Kade ni moshi; hakikisha ni ile iliyosafishwa kwa kukenekwa tena, maana ghafi ina viambata vya lami visivyofaa ngozini, na usizidishe 0.4, ukifika 1.0 pafyumu yote itanukia samaki wa kukaushwa. Ambroxan inaleta ule uchumvi wa ambari. Chumvi yenyewe haina harufu. Tunachokiita harufu ya chumvi ni bahari, mwani na ambari.

Pilipili manga na ubani ndivyo vitakavyofungua badala ya ndimu. Na hiyo ndimu, tafadhali iondoe leo. Mafuta ya ndimu ya kukamua yana furokumarini, ambazo zikipigwa na jua kwenye ngozi huunguza na kuacha baka jeusi. Kikomo cha IFRA, shirika la kimataifa la manukato, kwa bidhaa inayobaki ngozini ni 0.7%, wewe una 4%, na jua la Mtwara unalijua. Ukitaka ndimu, tumia iliyokenekwa kwa mvuke. Haina shida hiyo.

---

Mizani_Lindi amejibu:

Naongezea tincha, maana fomula ya Chetezo inasimama au inaanguka hapo.

Maganda: nunua daraja la kutengenezea dondoo, membamba, makavu, hata yaliyopasuka. Yale manene yanayong'aa ni ya mapishi, yana maji 30% na zaidi, na utakuwa unalipia maji. Makavu huwa na maji kati ya 15 na 25%. Unga mweupe juu ya ganda usikutishe kabla hujautazama kwa jua: sindano ndogo zinazometa ni fuwele za vanilini, tena ni dalili njema; manyoya yaliyofifia, yasiyong'aa, yenye harufu ya kabati la unyevu ni ukungu, na ganda hilo halisafishiki, tupa. Huku kwetu unyevu wa Februari na Machi unaozesha mzigo haraka. Hifadhi kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, si mfuko wa plastiki ndani ya kabati la jikoni.

Usinunue maganda mabichi ukadhani utayakausha mwenyewe kwenye bati. Ganda bichi halinukii vanila, kwa kuwa vanilini iko imefungwa na sukari. Huzamishwa kwanza kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika tatu hivi, hufunikwa litoke jasho, kisha hukaushwa polepole na kupumzishwa kwa miezi. Kilo 5 hadi 6 mbichi hutoa kilo 1. Ukilikausha upesi juani, vimeng'enya vinakufa kabla ya kuiachilia vanilini, unabaki na kamba kavu inayonukia tumbaku na zabibu. Na kila ganda ni ua lililochavushwa kwa mkono, njia ile ya kijiti aliyoigundua Edmond Albius, kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841. Kitu kilichopita mikono mingi hivyo hakistahili kuharibiwa na spiriti mbaya.

Kutengeneza:

Pasua ganda kwa urefu, kata vipande vya nusu sentimita. Gramu 20 kwa gramu 100 za ethanoli ya 96%. Chupa ya kioo, kifuniko kisicho cha chuma cha kawaida. Tikisa kila siku kwa wiki mbili, baada ya hapo mara moja kwa wiki. Wiki 8 ndiyo chini kabisa. Miezi 6 inatoa tincha ya mviringo zaidi, yenye ngozi na tumbaku. Chuja kwa kitambaa, weka kwenye friza usiku mzima, kisha chuja tena ingali baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Ukiruka hatua ya friza, nta na mafuta ya ganda yatajitenga baadaye ndani ya chupa ya mteja na kuziba pampu.

Kwa nini 96% wakati watu wa mapishi wanatumia 35 au 40%? Spiriti yenye maji mengi huvuta sukari na ulimbo wa ganda. Hivyo vinafaa kwenye keki. Kwenye ngozi vinanata, vinaongeza rangi, na mafuta ya vetiva yakiingia kila kitu kinakuwa maziwa. Maji ya ndani ya maganda peke yake yatashusha ethanoli yako hadi karibu 93%, inatosha. Usiongeze maji mengine kwenye hii fomula.

Hesabu ya nguvu: ganda zuri lina vanilini kama 2%. Gramu 20 zina 0.4, na tuseme imetoka yote. Gramu 38 za tincha zitabeba kama 0.14, maana yake vanilini haifiki 0.3% ya pafyumu nzima. Wewe ulikuwa na 2% ya unga kabla ya kuhesabu ya dukani. Hapo ndipo kanzu yako ilipoharibika.

Spiriti: ile ya kuchomea, iliyotiwa rangi, ina methanoli, haigusi ngozi. Na gongo ya mabibo, hata iliyopikwa mara mbili, haifai: maji yamezidi, na harufu yake nzito ya uchachu haifunikwi na kitu. Jingine la kuzingatia sana: ethanoli ya 96% hutoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzi 17 hivi. Mtwara na Lindi hakuna chumba kisichopita nyuzi 17, kwa hiyo muda wote chupa iko wazi, jiko, kiberiti na chetezo viwe nje ya chumba.

---

Bi_Asumini amejibu:

Nawashukuru kaka zangu kwa maelezo. Kuhusu mbao na moshi sina ugomvi na Chetezo. Ninapotofautiana naye ni hapa: tincha 38 kati ya 50 bado inaifanya vanila kuwa bwana wa nyumba. Mimi naishauri vanila itumike kama chumvi ya mboga. Mtu hali mchuzi akasema chumvi yake nzuri, lakini ukiisahau kila mtu anajua. Vanilini ya 0.05 hadi 0.1% kwenye fomula ya vetiva, mwerezi na ubani haisikiki kama vanila hata kidogo. Inachofanya ni kuondoa makali: vetiva inaacha kunukia udongo wa mvua, ubani unaacha ule ukali wa tapentaini, mbao zinakuwa kama zimepigwa msasa. Tengeneza chupa mbili zinazofanana, moja na 0.08% na nyingine bila, mpe mtu anuse bila kumwambia. Akisema ya kwanza ni tamu, punguza. Akisema ya pili ni kavu mno au ina kona, umepata kiasi chako.

Kwa kazi hiyo unga unatosha, tena ni bora, kwa sababu unajua kiasi hadi miligramu. Yeyusha 10% kwenye ethanoli, andika tarehe, weka chupa ya kahawia.

Nije kwenye rangi, maana hapo kosa liko wazi. Umeweka asumini na vanilini chupa moja. Asumini ina methili anthranilati na indoli. Vanilini ni aldehidi. Ikikutana na anthranilati huungana nayo, na kinachozaliwa ni rangi ya njano hadi chungwa, ikiendelea hadi kahawia. Maua ya mchungwa yana tabia hiyohiyo. Joto huharakisha, chupa iliyokaa chumba cha bati mchana inazeeka kwa wiki moja kama ya friji kwa miezi. Chuma nacho hushika vanilini na eugenoli ya karafuu na kuzitia giza, kwa hiyo kijiko chenye kutu na kifuniko cha bati havina nafasi. Ukilazimika kuwa na ua, mlangilangi kidogo, 0.3%, ina utulivu kuliko asumini, ingawa nayo itaongeza rangi kidogo. Ukitaka pafyumu ibaki nyeupe kabisa, tafuta vanilini isobutireti. Harufu yake ni dhaifu na ina maziwa kidogo, lakini haibadiliki rangi upesi.

Doa la kanzu: vanilini kwenye alkali hugeuka njano, na sabuni ya mche ni alkali. Ndiyo maana linazidi. Kabla ya sabuni, dondoshea ethanoli safi kwenye doa huku chini kuna kitambaa kikavu cha kunyonya, rudia mara tatu, suuza kwa maji yenye siki, vijiko viwili kwa lita, ndipo ufue. Doa la zamani lililopigwa pasi halitoki lote.

Na wateja wasiotumia spiriti? Hapa pwani ni wengi, na wanastahili kitu kizuri si masalia. Ila vanila kwenye mafuta ina mitego yake. Unga wa vanilini hauyeyuki vizuri kwenye mafuta ya kawaida: utauona umeyeyuka ukipasha, kesho asubuhi fuwele ziko chini. Uyeyushe kwanza 10% kwenye benzili benzoeti safi, kisha uingize, usipite vanilini 0.3% ya jumla. Ile dawa ya upele ya dukani ina benzili benzoeti lakini ni ya maji na povu, usiitumie. Tincha ya Mizani nayo haichanganyiki na mafuta, itaelea. Mafuta ya kubebea yasiwe ya nazi ghafi! Nazi na vanila vikikutana ni biskuti moja kwa moja, hata uweke vetiva ndoo nzima. Tumia jojoba, au nazi iliyosafishwa isiyo na harufu. Mafuta ya ufuta usiokaangwa, ambayo Lindi yapo ya kutosha, hayaozi upesi, lakini yana unjano wake na baadhi ya watu mwili unayakataa, basi andika kwenye chupa.

---

MarashiShangani ameandika:

Nimewaelewa, ahsanteni sana. Ndimu na asumini zimeondoka. Nitatengeneza chupa mbili sambamba, ya Chetezo na ya Bi Asumini.

Bado nina mawili. Sandarusi: nimepata vipande vigumu vya kuchimbwa, vya njano kama asali, na vingine laini vilivyogandulwa kwenye mti. Naweza kutengeneza tincha kama ya vanila? La pili, korosho. Huku maganda yake yako bure kwa magunia, na mbegu iliyokaangwa inanukia vizuri. Je, tincha ya korosho ingeipa vanila hii utambulisho wa Mtwara?

---

Chetezo amejibu:

Naanza na korosho kwa sababu ni suala la usalama. Maganda ya korosho yasiguse spiriti wala chetezo. Yale mafuta yake meusi yana asidi ya anakadi na kadoli, ndiyo yanayobabua vidole vya wabanguaji, na ethanoli itayavuta yote. Moshi wake nao unawasha macho na mapafu. Mbegu iliyokaangwa ni salama kwa asiyedhurika na korosho, lakini harufu ya kukaangwa ni harufu ya mkate na karanga, na papo hapo umerudi kwenye mkahawa. Kama unataka korosho kweli, harufu yenye heshima ni ya bibo: tunda chachu, lenye ukakasi, karibu na pombe. Hiyo haitoki kwa tincha, inapotea. Wachanganyaji huijenga kwa vipande vya harufu ya embe, chungwa na mvinyo. Ni kazi ya peke yake.

Sandarusi ni jambo lenye uzito zaidi, na nafurahi umelitaja. Msandarusi, Hymenaea verrucosa, ni mti wa ukanda wetu huu wa pwani, na sandarusi iliyochimbwa ardhini ilikuwa bidhaa kubwa karne ya 19, ikipitia Zanzibar kwenda Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Hapo pana jibu lako. Ile ngumu ilipendwa kwa vanishi kwa sababu haiyeyuki ovyo. Mafundi waliiyeyusha kwa moto mkali sana kabla ya kuitia mafuta. Kwenye ethanoli ya baridi kipande kigumu kitavimba pembeni kama jeli na kubaki hivyo hata mwaka. Laini ya mtini itayeyuka kwa sehemu, lakini kitakachokauka kwenye ngozi na kanzu ni vanishi halisi: utando unaong'aa, unaonata kwa jasho, na pampu itaziba ndani ya siku chache. Ubani una tatizo kama hilo kwa kiasi kidogo, maana sehemu yake ni ulimbo usioyeyuka kwenye spiriti na unaozama chini. Tincha ya ubani ya 20% usiipitishe 5% ya pafyumu. Ndiyo maana kwenye fomula niliweka mafuta yaliyokenekwa.

Sandarusi inataka moto. Na huku moto tunao utaratibu wake tayari: nguo hufukizwa. Kwa hiyo gawanya manukato mara mbili. Vanila ibaki mwilini, moshi ukae kwenye nguo. Kaa moja lililowaka likafunikwa na jivu jepesi, kipande cha sandarusi kama punje ya mbaazi, gramu 0.3 hivi, na kipande cha ubani kama hicho. Kaa likiwa jekundu wazi, sandarusi inaungua badala ya kufuka, na moshi wake unakuwa mkali kama wa taa ya mafuta. Kanzu au kanga iwe juu ya tenga la kufukizia, urefu wa mkono kutoka kwenye kaa, dakika 10, ikiwa na unyevu kidogo wa pasi ili ishike. Halafu iache ipoe nusu saa kabla ya kuvaa. Nguo haiguswi na tone la vanila, doa halina pa kutokea. Mwili ukipata joto, vanila inapanda kutoka kifuani na kukutana na sandarusi kwenye kitambaa. Hakuna chupa inayoweza kuhifadhi mchanganyiko huo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo vanila ya kusini, kavu, yenye moshi na ukakasi kidogo wa limau ambao sandarusi huutoa inapoanza kufuka.

Maganda ya vanila uliyokwisha kuyachuja usiyatupe. Yakaushe siku tano kivulini hadi spiriti yote iishe, na hili usilifanyie haraka kwa sababu ya hatari ya moto aliyoitaja Mizani. Yasage, changanya kwenye udi wako wa kupika, gramu 5 kwa 100. Ukizidisha, unanukia sufuria iliyoungua.

---

Mizani_Lindi amejibu:

Kuhusu kujaribu hizo chupa mbili. Zipumzishe wiki 3 hadi 4 gizani, sehemu ya chini ya nyumba ya ukuta, si kwenye dari la bati. Siku ya kuchanganya zote zitanukia spiriti na pilipili, usihukumu. Kwanza ngozi: tone kwenye kiwiko upande wa ndani, saa 48, bila kuosha. Pasipo mwasho, vaa mipulizo miwili kifuani saa 3 asubuhi, andika kinachosikika saa 4, saa 6, saa 9 na magharibi. Rudia siku ya mawingu. Ukipata nafasi, mpe mtu wa Newala aivae huko juu kwenye baridi. Vetiva ikizidi huko na vanila ikasikika kidogo, ni kawaida, usibadilishe fomula kwa ajili hiyo kama wateja wako wako pwani.

Weka pia gramu 5 za kila moja kwenye chupa nyeupe dirishani, na nyingine 5 kwenye friji. Baada ya wiki mbili linganisha rangi juu ya karatasi nyeupe. Ya dirishani itakuwa imekolea, hilo halikwepeki, lakini ikiwa ya friji nayo imebadilika, kuna kitu ndani kinachoshikana na vanilini, na cha kwanza kukagua ni kama mafuta yako ya maua au ya mwerezi yamechanganywa na kitu.

---

Bi_Asumini amejibu:

Nyongeza moja kwa ndugu MarashiShangani. Kwenye chupa yangu usitumie fomula ya Chetezo ukatoa tincha tu, utapata kitu kikali. Badilisha tincha yote kwa ethanoli, weka 0.4 ya vanilini ya 10%, punguza kade hadi 0.2, na pandisha Ambroxan hadi 1.5. Moshi ukikosa vanila ya kutosha chini yake huchoma pua.